Simu ya Vidole

Tulimzika Amosi Nzunda wiki iliyopita, kule Mlowo, na wimbo wa mwisho ulikuwa haujaisha nilipomsikia mtu nyuma ya kiti changu akimnong'oneza mwenzake: "Huyu ndiye karani aliyeharibu simu ya kipofu, mtoto wa watu akafa." Sauti ilikuwa ya mtu ambaye hajafika hata miaka hamsini. Alikuwa anarudia tu aliyoyasikia kwao, na hakujua kuwa kipofu mwenyewe ameketi mbele yake na fimbo magotini. Sikugeuka. Kwa miaka yote hii nimeyasikia maneno hayo sokoni Tunduma, kwenye harusi, hata kanisani, na kila mara nilinyamaza kwa kuwa Amosi mwenyewe alinitaka ninyamaze. "Ukisema nikiwa hai watadhani nimekutuma," aliniambia. "Subiri nisiwepo." Sasa hayupo. Mimi nasema, mjukuu wangu Neema anaandika, na nimemwomba asipunguze wala asipambe.

Ni habari za mwaka mmoja, miaka michache kabla ya Uhuru, wakati Wazungu wangali na mashamba makubwa ya kahawa huku Mbozi. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo. Baruti ya kuvunjia mawe ya barabara, upande wa Mpemba, ilikuwa imenichukua macho, na nilikuwa nimepewa chumba kimoja nyuma ya kanisa nisuke vikapu. Chumba kilinuka ukindu mbichi na panya. Watu walivichukua vikapu vyangu kwa kunihurumia, na nilijua hivyo kwa jinsi walivyovisifu kabla hawajavishika. Katika chumba hicho ndimo Amosi alimonikuta. Nilimsikia akisimama mlangoni bila kuingia, mtu mwenye viatu vya ngozi na harufu ya sabuni ya kunyolea, na alikaa kimya muda mrefu kuliko mtu anayetaka kununua kikapu.

"Ulisoma mpaka darasa gani?" aliniuliza.

"La sita."

"Kiingereza unakisikia?"

"Nakisikia. Wewe nani?"

"Karani wa Bwana Harlow. Bibi Harlow anamtafuta kipofu aliyesoma, anataka ampe kazi ya simu."

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka kwa sababu yeye hakucheka. Kipofu na simu wapi na wapi. Jioni wanawake waliokuja kufagia kanisa walikuwa wameshaipata habari, wakaizungumza nje ya dirisha langu kana kwamba aliyepofuka masikio ni mimi. Mmoja alisema Mzungu hamtafuti mlemavu ila kwa jambo lake. Mwingine, mwenye ndugu ng'ambo ya mpaka, alisema kule Wabemba wanawajua watu hao, wanawaita banyama, wanyonya damu, wanamchukua mtu asiyeweza kukimbia. Simu ile itavalishwa kichwani, alisema, na kupitia masikioni ndiko damu itakakotokea. Siku hizi nikisimulia hayo vijana hucheka. Wakati ule sikucheka, maana hakuna aliyeweza kuniambia Mzungu alikuwa na sababu gani nyingine.

Sababu aliniambia Bibi Harlow mwenyewe siku niliyofika. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha mume wake, alikizungumza taratibu kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Kaka yake alikuwa amepofuka vitani, na huko kwao alipewa kazi ya kupokea simu katika ofisi, kwa mashine iliyotengenezwa ili ishikwe badala ya kutazamwa. Kaka huyo alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Bibi aliandika kwao, akaomba vipande vya mashine kama ile, vikaja kwa meli, kisha treni, kisha lori. Nilimsikiliza na moyoni nikasema: huyu ananionea huruma ya marehemu wake, huruma hiyo ikiisha nitarudishwa kwenye vikapu. Bwana Harlow alikuwa kwenye kiti cha pembeni. Nilimjua kwa moshi wa kiko chake. Alikuwa akikigonga kiko chake kwenye mguu wa kiti kila mkewe alipolitaja jina la kaka yake.

Fundi aliletwa kutoka Mbeya, Mgoa aitwaye Pereira, mtu wa kikohozi na maneno machache. Kabla hajafungua hata boksi moja, aliniita karibu na dirisha, nikasikia kiberiti kikiwashwa na joto likanijia puani. Aliupitisha moto huku na huku mbele ya uso wangu mpaka ukamchoma kidole. "Usikasirike," alisema. "Wengi hujifanya." Kisha akanishika mkono, akaupeleka kwenye mashine, na kuanzia hapo alinifundisha kwa uvumilivu ambao sijaukuta tena kwa mwalimu yeyote.

Niieleze mashine yenyewe, maana bila hiyo mambo mengine hayataeleweka. Shamba lilikuwa na simu chache: ya nyumba kubwa, ya kiwanda cha kukoboa kahawa, ya gereji, ya stoo, ya zahanati, na mstari wa nje uliotupeleka Mbeya na Tunduma, ambao Bwana alikuwa ameufungia simu yake ya pili mezani kwake. Zote zilikutana kwenye swichibodi, kabati la mbao lenye matundu mbele yake. Mtu wa zahanati akizungusha mkono wa simu yake, kengele hulia kwangu, na juu ya tundu la zahanati kibao kidogo huanguka. Opereta mwenye macho hutazama ni kibao gani kimeanguka, akachomeka waya katika tundu hilo, akauliza anamtaka nani. Kengele ilikuwa moja kwa wote, kwa hiyo kwangu mimi kengele peke yake haikutosha. Ndipo Pereira akafunga vile vipande vya Bibi: chini ya kila kibao pini nyembamba ya shaba, ambayo kibao kikianguka yenyewe huinuka. Napitisha vidole juu ya mstari wa pini, naikuta iliyosimama, najua nani anaita. Wafanyakazi waliiita simu ya vidole. Lakini ruhusa ya kuitumia ilikuwa ya muda tu. Mkaguzi wa simu angekuja baada ya mavuno kunijaribu, na akiona sifai, pini zingeng'olewa.

Chumba cha swichibodi kilikuwa kati ya ofisi ya Amosi na stoo ya magunia. Mpaka leo nikinusa gunia jipya mikono yangu hutafuta waya. Sakafu ilikuwa ya saruji, baridi ya Mbozi ikipanda miguuni asubuhi mpaka magotini, na dirishani nilisikia wanawake wakichambua kahawa kwenye meza za kuanikia. Walikuwa wakiimba. Nikikohoa, waliacha. Hilo lilinichukua wiki mbili tatu kulielewa. Kwao mimi nilikuwa sikio la Bwana, kipofu aliyewekwa pale asikie yale ambayo mnyapara hayasikii, na wakati ule watu walikuwa wameanza kuzungumza habari za chama na za kujitawala. Mchana tulikula kwenye jiko la nyuma, mimi na Amosi, tukipakuliwa na mpishi, Mzee Sichone, Mnamwanga wa upande wa Tunduma. Mzee alipika ugali wa ulezi na maharage yaliyowekwa majani ya maboga, na kwangu aliweka bakuli la mchuzi upande wa kulia daima, akiligonga kidogo kwa kucha nisikie lilipo. Yeye peke yake ndiye hakunyamaza nilipoingia. Aliendelea na habari za binti yake Rebeka, aliyeolewa pale pale kambini na alikuwa na mimba ya kwanza. Amosi alikula kimya. Kabla yangu yeye ndiye aliyekuwa akiipokea simu, juu ya kazi zake za ukarani, na nilijiuliza kama alikuwa akinitazama ninavyokula, na kwa jicho gani.

Pini zilianza kuharibika mavuno yalipokolea. Jumatatu moja kengele ililia, nikapitisha vidole, pini zote zimelala. Kengele ikalia tena. Nikalazimika kuchomeka waya tundu moja baada ya jingine nikiuliza kama kuna anayeita, na katika tundu la kiwanda nikaingia katikati ya mazungumzo ya Bwana Harlow na meneja wake.

"Nani hapo?" Bwana alisema.

"Opereta, Bwana. Samahani."

"Wewe nasikiliza maneno ya mimi?"

Nilieleza habari za pini. Alikuja mwenyewe kwa hatua ndefu, akasimama nyuma yangu, akaangusha vibao kimoja kimoja kwa kidole. Pini ya stoo tu ndiyo haikuinuka, ilikuwa imepinda. Aliinyoosha, akaondoka bila neno. Baada ya hapo ilitokea tena, wiki ikipita nzima na nyingine ikija na pini moja au mbili zimepinda, kila mara Jumatatu, baada ya ofisi kufungwa tangu Jumamosi mchana. Kila ilipotokea nililazimika kuingilia mazungumzo ya watu, na kila nilipoyaingilia, kile watu walichokuwa wakikisema juu yangu kiligeuka kweli. Fundi wa gereji aliacha kuniamkia. Nami nikaanza kuhesabu wenye ufunguo wa ofisi, nikaishia kwa mmoja, mwenye sabuni ya kunyolea. Nilianza kuusikiliza mwendo wake. Akipita nyuma yangu niliifunika mashine kwa viganja, kama mtu anayeuficha mlo wake.

Halafu ikaja Jumatatu ya Rebeka. Amosi alikuwa amekwenda Mbebe kwenye harusi ya ndugu yake tangu Ijumaa na alikuwa hajarudi. Asubuhi na mapema kengele ililia, ndefu, ya mtu anayezungusha kwa nguvu. Pini hazikuinuka. Nikachomeka mstari wa nje: Bwana Harlow alikuwa anazungumza na mtu wa Mbeya kwa simu yake ya pili. "Toka kwenye simu," alisema. Nikachomeka gereji, kimya. Stoo, kimya. Nilipofika zahanati hapakuwa na mtu tena, simu ilikuwa inaning'inia na nilisikia kwa mbali mwanamke akilia. Dresa, mhudumu wa zahanati, alikuwa ameiacha na kukimbia kwa miguu kwenda kutafuta gari, na kutoka zahanati hadi gereji kuna mabonde mawili. Gari lilipopatikana Rebeka alikuwa ameshapoteza damu nyingi. Alifika hospitali ya misheni yu hai, akapona. Mtoto alikuwa wa kiume. Hakulia.

Mzee Sichone hakunilaumu kwa maneno. Alirudi jikoni siku ya tatu, akapika. Ugali wangu uliwekwa mezani bila kugongwa bakuli, na nilipopapasa upande wa kulia hapakuwa na kitu. Amosi, aliyekuwa amerudi, akasogeza mchuzi mpaka ukagusa vidole vyangu. Nilikataa kuula. Nilidhani naijua sababu ya ukarimu wake.

Ilinichukua siku kadhaa kupata njia ya kipofu ya kumkamata mtu. Niliomba kwa dresa mafuta ya mkaratusi, yale ya kuchua kifua, nikasema nina mafua. Jumamosi mchana, kila mtu alipotoka, nilipaka mafuta kidogo kwenye ukingo wa kabati, chini ya vibao, mahali ambapo mkono wa mtu anayezigusa pini lazima uegemee. Jumatatu nilifika mapema nikamsubiri Amosi. Nilimpa mkono, na badala ya kuuachia nikauvuta karibu na uso wangu. Mkono wenyewe ulinuka sabuni. Mkono wa koti ulinuka mkaratusi.

Niliketi kwenye kiti changu nikitafuta maneno ya kumwambia Bibi. Nikapitisha vidole juu ya mstari wa pini, nikaangusha vibao vyote. Pini zote zilisimama wima. Hilo lilinishangaza, lakini nilijiambia kwamba amepata hofu. Ikawa saa nne Bwana Harlow akaingia, akauliza kama kuna simu kutoka Mbeya, akainama kuwasha kiko chake karibu na sikio langu. Moshi ulinifunika. Chini ya moshi, kutoka kwenye koti lake la kaki alilolivaa kila siku, ilikuja harufu ya mkaratusi, nzito kuliko ya Amosi.

Mchana, wenzetu walipokwenda kula, nilifunga mlango nikamwita Amosi.

"Umeigusa mashine," nikamwambia.

"Nimeigusa."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipogundua. Jumapili nikitoka kanisani napitia hapa, nazinyoosha zilizopindwa. Mara ya kwanza niliikuta moja tu. Siku hizi naikuta kila wiki, na nyingine hupindwa nikishaondoka."

"Na Jumatatu ile?"

"Nilikuwa Mbebe," alisema. Sauti yake ilishuka. "Nilikuwa Mbebe nacheza ngoma ya harusi."

Nilimuuliza kama anamjua anayezipinda. Nikamsikia akikitoa kitambaa na kujifuta. Kisha akanieleza. Alikuwa amewasikia barazani, Bwana na Bibi, zaidi ya mara moja. Bwana alitaka kuuza shamba warudi kwao. Bibi alikuwa akikataa, akisema hapa ana kazi aliyoianza kwa ajili ya kaka yake, na alitaka baada yangu waletwe vipofu wengine, shamba liwe mahali pa kuwafundisha. Mkaguzi akiiona mashine haifai, kazi hiyo ingekwisha.

"Ana chuki na mimi?" nikauliza.

"Hata jina lako halijui sawasawa," Amosi alisema. "Anakuita yule wa simu."

Nilitaka twende kwa Bibi saa ile ile. Amosi alinishika bega. Akaniuliza tutasema nini, kwamba mtumishi mweusi amelinusa koti la Mzungu? Na hata kama Bibi angeamini, habari haitakaa ndani ya nyumba. "Mzee Sichone ndiye anayempikia Bwana chakula," alisema. "Ndiye anayekinoa kisu cha nyama kila asubuhi. Akijua mtoto wa Rebeka alikufa kwa mkono wa nani, wewe utamzuia?" Niliketi. Hadi leo sikumbuki siku nyingine niliyokuwa na maneno mengi hivyo mdomoni na pasiwe na mtu wa kumwambia. Hata Amosi mwenyewe, kusema kweli, sikumwamini kikamilifu. Mtu anaweza kupinda Jumamosi na kunyoosha Jumapili, akamsingizia bwana wake. Nililala na mawazo hayo wiki nzima.

Nilichofanya ni kumwomba Bibi kifuniko cha mbao chenye kufuli, cha kufunga mbele ya swichibodi nikiondoka, na ufunguo uwe kwangu.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Kuna mtu anazigusa pini, Bibi."

"Nani?"

"Sijamwona, Bibi."

Nje wanawake walikuwa wakimwaga kahawa kwenye meza, sauti kama mvua ya mawe. Kisha akasema seremala atakuja kesho, na alipopita mlangoni alijigonga kwenye nguzo, yeye mwenye macho yake mawili. Kifuniko kilifungwa, ufunguo nikautia kamba shingoni, na tangu siku hiyo hakuna pini iliyopinda tena. Amosi naye ufunguo huo hakuwa nao. Alicheka kidogo nilipomwambia, akasema, "Umefanya vizuri kutonipa."

Mkaguzi alikuja mavuno yalipokwisha. Alikuwa Mzungu wa sauti nyembamba, na Pereira alikuwa naye. Wote walijazana chumbani: Bwana na Bibi, meneja, Amosi, na Mzee Sichone aliyeingia na sinia la chai. Mkaguzi hakuamini kama hakuna ujanja. Kwanza alimtoa Amosi kwenye nafasi yake akidhani ananipigia ishara kwa mguu. Nilipounganisha simu tatu za kwanza, akaagiza blanketi, akalitupa juu ya kabati na juu ya kichwa changu pia. Humo ndani kulikuwa na joto na harufu ya dawa ya kufukuza nondo wa nguo, nami nikafanya kazi kama siku zote, maana kwangu hapakuwa na kilichobadilika. Zahanati iliita, nikaiunganisha na gereji. Mbeya iliita, nikaipeleka nyumba kubwa. Mkaguzi alitoka mwenyewe kwenda kupiga kutoka stoo, akakata, akapiga kutoka kiwandani, akaigiza sauti ya mwanamke. Aliporudi aliliondoa blanketi, akamwambia Bibi kwa Kiingereza kwamba haoni sababu ya kuikataa mashine. Bibi alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Nilisikia Pereira akikohoa kwa furaha.

Ndipo Mzee Sichone, aliyekuwa bado ameshika sinia, akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu: "Naomba kuuliza. Kama leo imeweza hata ndani ya blanketi, siku ile ya binti yangu ilishindwaje?"

Vikombe viligongana kidogo kwenye sinia. Nilijua swali lile ni langu, na nilijua jibu, na nilijua kwamba mtu mwenye jibu hilo katika koti lake amesimama hatua chache kutoka kwangu. Nilifungua mdomo. Kabla sijatoa sauti, Amosi alizungumza.

"Mzee, siku ile mashine ilikuwa imeguswa. Niliigusa mimi."

"Wewe?"

"Kazi ya simu ilikuwa yangu kabla hajaja. Niliitaka irudi."

Sinia liliwekwa chini, sio kwa kutupwa, liliwekwa polepole mno. Meneja aliingia katikati, nikasikia miguu ikisukumana, Mzee akisema, "Niacheni nimtazame tu, niacheni nimtazame." Bwana Harlow alichelewa kusema. Nilimsubiri. Nadhani hata Amosi alimsubiri, na Bibi pia. Mwisho Bwana akasema, "Karani, toka. Leo hii. Usirudi." Sauti ilikuwa kavu, na meno yake yaligonga kiko.

Amosi alipita kwangu akiwa amebeba mzigo wake, kabla lori la Tunduma halijaondoka. Nilimwuliza kwa nini. Nilimwambia hakuwa hata shambani siku ile, kila mtu anaweza kukumbuka kuwa alikuwa Mbebe.

"Watakumbuka kesho," alisema. "Leo hawakumbuki. Mzee alikuwa ameshaanza kumtazama Bwana, Elisha. Uso wa Bwana ulikuwa unasema kila kitu. Wewe hukuuona. Mimi niliuona, na nilimwona Mzee akiuona. Ningechelewa kidogo, Mzee angenyongwa, na Rebeka angebaki bila mtoto na bila baba."

Akanikataza kusema, kwa maneno yale niliyoyataja mwanzo. Akapanda lori.

Kweli watu walikumbuka baadaye habari za Mbebe, lakini wakajijibu wenyewe kwamba aliipinda kabla ya kuondoka, akatafuta harusi ya kumficha. Mzee Sichone alirudi kuligonga bakuli langu kwa kucha, na nilikula mchuzi ule kwa shida. Alikufa miaka mingi baadaye akimlaani Amosi. Rebeka alizaa wengine, na mmoja wao huenda ndiye aliyenong'ona nyuma ya kiti changu. Bibi Harlow alikuja siku moja akaketi kwenye magunia, akaniuliza kama kweli ni Amosi. Nilimjibu kwamba yeye Bibi alikuwepo Amosi aliposema. Aliondoka, na baada ya hapo sikusikia tena mtu akisema kuwa anabishana barazani. Shamba liliuzwa. Walihama kabla ya Krismasi, mwenye shamba mpya akaiacha mashine na mimi nikabaki nayo mpaka baada ya Uhuru, nilipochukuliwa Mbeya.

Lakini walikuwa hawajahama bado, mvua za kwanza zikiwa zimenyesha, asubuhi moja pini ya mstari wa nje iliposimama. Nilichomeka waya.

"Namba, tafadhali."

"Hapa Tunduma, duka la magunia," sauti ilisema. "Naomba kiwandani. Lori la magunia limefika."

Ilikuwa sauti ya Amosi. Nilikuwa nimeanza kulitaja jina lake niliposikia mlio mdogo, simu ya pili iliyokuwa mezani kwa Bwana, ile iliyofungwa kwenye mstari huo huo wa nje, ikinyanyuliwa. Amosi naye aliusikia. Tukasikilizana tunavyopumua, sote watatu.

"Opereta," Amosi akasema kwa sauti ya mteja yeyote, "mashine yenu inafanya kazi vizuri siku hizi?"

"Inafanya kazi," nikamjibu. "Zote zinasimama."

"Haya," akasema. "Niunganishe."

Nikamwunganisha.